Binti yangu anaitwa nyani shuleni, na sasa hataki chochote cha kwetu

Swali: Jambo mshauri. Sisi ni watu wa Fizi, Kongo. Tulikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, watoto wote nimewazalia kambini, na huu ni mwaka wetu wa tatu hapa Louisville, Kentucky. Binti yangu wa miaka 9 ana shida shuleni. Watoto wanamwita nyani, wanamuuliza kama kwao watu wanalala juu ya miti, wanaziba pua akifungua chakula chake. Baadhi yao ni weusi kama yeye, na hilo linaniumiza zaidi. Sasa hataki kubeba chakula cha nyumbani. Nikimsemesha Kiswahili mbele ya wenzake ananijibu Kiingereza. Juzi nilimkuta bafuni anajisugua mikono kwa dodoki mpaka ngozi imechubuka. Nilienda shule, mwalimu akasema ni michezo ya watoto. Baba yake anasema ajifunze kupiga. Mimi nafikiria nimpikie vyakula vya hapa na tuanze kuongea Kiingereza nyumbani ili asionekane tofauti. Ama nimhamishe shule?

Jibu: Mama, nianze na lile la bafuni, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Binti yako hajachanganyikiwa. Amesikiliza alichoambiwa, kwamba kasoro iko kwenye ngozi yake, na anajaribu kuiondoa. Akili ya miaka 9 inakwenda hivyo, moja kwa moja. Wala si wa kwanza. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili Wamarekani weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi ni mzuri, yupi ni mbaya, na yupi anafanana na wewe. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Walipofikishwa kwenye swali la mwisho, wapo waliolia na wapo waliotoka chumbani mbio. Maandishi ya Kenneth Clark yaliyoeleza tafiti za namna hiyo yalitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954 iliyopiga marufuku kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. Nakutajia haya usije ukajilaumu kwamba hukumpenda vya kutosha. Mtoto anaweza kupendwa sana kwao na bado akayameza ya nje.

Leo usiku usimwambie "acha upuuzi, wewe ni mzuri". Maneno hayo yana nia njema lakini yanamfunga mdomo. Kaa naye wakati wa kumsuka, au mkichambua mboga, kwa sababu mtoto husema vizuri zaidi asipokodolewa macho. Mwambie ulimwona anajisugua, umuulize nani alimwambia nini. Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata akikaa kimya muda mrefu, hata ukisikia tusi linalokuchoma. Akimaliza, mwambie kwa maneno machache kwamba waliyosema ni uongo, kwamba hakukosea kitu, na kwamba wewe na baba yake ndio mtakaolishughulikia na watu wazima wa shule. Halafu mpake mafuta mikononi, wewe mwenyewe.

Sasa, kuna mambo mawili umeyafunga katika furushi moja, na wazazi wengi tunaofika nchi za watu hufanya hivyo. La kwanza ni kuwa tofauti. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, haina harufu ya mkate wa siagi ya karanga, jina lake linawashinda kutamka, hajui katuni walizokua nazo wenzake. Hayo mtoto anaweza kuyabeba, akisaidiwa kidogo. La pili ni kubaguliwa, kuambiwa kwamba kwa rangi yake na alikotoka yeye ni mnyama. Hilo mtoto hawezi kulimaliza, na si kazi yake kulimaliza. Linapelekwa kwa watu wazima wenye mamlaka. Ukiacha Kiswahili na kubadilisha chungu, unamwondolea tofauti huku ubaguzi umebaki palepale. Wanaomwita nyani hawakuanza kwa sababu ya sombe, na sombe ikiondoka watatafuta kingine. Mbaya zaidi, yeye atahesabu kwamba hata mama amekubali kuwa vya kwetu ni aibu.

Basi twende shuleni. Mwalimu aliyekuambia ni michezo ya watoto amekosea kama mlezi, na shule ikikaa na jibu hilo itakuwa imekosea hata kisheria. Sehemu ya sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule yoyote inayopokea pesa za serikali kuu kubagua kwa rangi au kwa nchi ya asili, na karibu shule zote za umma zinapokea pesa hizo. Shule ikijua mwanafunzi anasumbuliwa na wenzake kwa sababu hizo, haina ruhusa ya kukunja mikono. Sheria hiyo haiulizi kama umeshapata uraia au bado una karatasi za ukimbizi.

Tatizo ni kwamba ulikwenda kwa mdomo, na maneno ya mdomo shuleni hayaachi alama. Nunua daftari. Kila tukio liandike tarehe, mahali (ndani ya basi, kantini, uwanjani), maneno yenyewe, nani alisema, nani alikuwepo, mtu mzima gani aliambiwa na alifanya nini. Hapa adabu yetu inatuponza. Mama wa Kiswahili anaona haya kulitaja tusi, anasema "wanamsumbua-sumbua". Ukisema hivyo utajibiwa ni michezo. Lakini ukisema siku fulani, ndani ya basi, mtoto fulani alimwita nyani mbele ya dereva na dereva hakusema kitu, hapo pana jambo la kuchunguza. Liandike tusi lilivyo. Andika kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakupa tabu.

Kisha omba kwa maandishi kuonana na mkuu wa shule, na katika ombi hilohilo sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Shule ina wajibu wa kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa, na hulipi. Usimchukue kaka yake wala dada yake akutafsirie. Mtoto atayalainisha maneno kwa kukuonea haya, au kwa kumwogopa mkuu wa shule, na tena unamtwisha mwingine mzigo ambao hukutaka huyu abebe. Mkalimani naye mwambie mapema kwamba unataka "ubaguzi wa rangi na wa nchi ya asili" yatafsiriwe hivyo hivyo, bila kupunguzwa. Wapo wakalimani waungwana mno, mama analia huku wao wanatafsiri kwamba watoto wanataniana.

Mkiwa mmekaa, uliza nani atachunguza na utajibiwa lini. Uliza leo, kabla uchunguzi haujaisha, mtoto wako atalindwaje ndani ya basi na kantini, na ni mtu mzima gani atamkimbilia likitokea. Akitajwa, omba umwone uso. Na uwe macho, kwa sababu kuna shule ambazo "ulinzi" wao ni kumhamisha aliyetukanwa: akale peke yake na mwalimu, abadilishe basi, asitoke mapumziko. Kataa kwa upole. Aliyetukana ndiye wa kusogezwa. Ukifika nyumbani, mwandikie mkuu wa shule ujumbe mfupi, umshukuru na kurudia mliyokubaliana, moja baada ya jingine. Ujumbe huo ndio kumbukumbu yako.

Wakikaa kimya, au ukiona hakuna kinachofanyika, panda ngazi hadi ofisi ya elimu ya eneo lenu inayosimamia shule hiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo mengi huweza kumalizika, kwa sababu hawapendi jambo litoke nje. Juu yao ipo Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutaka malalamiko yafike ndani ya siku 180 tangu tukio. Nikueleze ukweli: mwaka 2025 ofisi hiyo ilifungiwa matawi 7 kati ya 12 ya mikoani, kwa hiyo usitegemee jibu la haraka. Na shirika lililowapokea mlipofika, hata kama muda wenu wa kuhudumiwa umekwisha, waombe mtu wa kukusindikiza kwenye kikao. Mzazi aliyekaa na shahidi husikilizwa vingine.

Baba watoto, kwa heshima zote, ngumi haitamsaidia hapa. Naelewa inakotoka. Pale tulipokulia, asiyerudisha kofi huongezwa la pili. Lakini katika shule nyingi za Marekani anayepiga anaadhibiwa bila kuulizwa nani alianza, na takwimu za serikali yenyewe zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanafunzi weusi husimamishwa shule zaidi ya weupe. Binti yako akirusha ngumi moja, ataingia ofisini mlalamikaji na kutoka mshitakiwa. Baba ana kazi nyingine, na anaiweza kuliko wewe: acheze naye mchezo wa kuigiza jioni. Baba awe yule mchokozi, mtoto amjibu. Jibu liwe fupi, kichwa juu, sauti ya kufika kwa mtu mzima aliye karibu: usiniite hivyo, naenda kumwambia mwalimu. Kiingereza achague mwenyewe, maana maneno ya kufundishwa na baba yatamkwama kooni. Halafu aondoke. Warudie mpaka wacheke. Na mwambieni wazi kwamba kumwambia mwalimu si umbea, kwa sababu sisi wenyewe tumewafundisha kuwa asemaye ya wenzake ni mmbea.

Kuna jambo jingine lenye nguvu kuliko jibu lolote la mdomo, nalo ni rafiki. Watafiti wa Kanada waliopiga picha za video viwanja vya shule waliripoti mwaka 2001 kwamba mtoto mwingine alipoingilia kati, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10 katika asilimia 57 ya matukio. Sekunde 10! Lakini walioingilia walikuwa wachache sana, wengi walitazama tu. Binti yako hahitaji marafiki kumi. Muulize ni nani anakaa karibu naye na hacheki wengine wakicheka. Mtafute mama wa mtoto huyo, mwalike mtoto wake Jumamosi. Kama mama huyo ni Mnepali au Mguatemala, hata lugha hamtahitaji sana, watoto watacheza.

Sasa naomba niingie nyumbani kwako, na usinichukie. Je, nyumbani weusi unasemwaje? Kuna shangazi anayesema huyu mdogo ndiye kachukua rangi nzuri? Kuna anayemtania mtoto kuwa mweusi kama mkaa? Kuna kopo la mkorogo juu ya kabati? Mtoto anayesikia shuleni kwamba ngozi yake ni chafu, kisha akamwona mtu mzima wa kwao anaichubua yake, amepata ushahidi wa pande mbili. Sikufahamu, na huenda kwako hakuna hata moja kati ya haya. Lakini kama lipo, anzia hapo kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule. Na angalieni pia mnavyowasema wengine mezani: Banyamulenge, Warundi, Wasomali wa jengo la jirani. Tumetoka kwenye vita vilivyolishwa na maneno ya namna hiyo, na watoto wetu wanayabeba mpaka Kentucky bila hata kujua maana yake.

Umesema wengine wanaomtukana ni weusi, na hilo linakuuma zaidi. Linauma kweli. Ila ujue wamefundishwa Afrika na nani. Vizazi na vizazi hapa vimeonyeshwa Afrika ya msitu na nyani kwenye filamu, na Afrika ya njaa kwenye taarifa za habari. Mtoto mweusi wa Marekani ametukanwa kwa Afrika hiyo hiyo, babu yake pia, na wakati mwingine anaitupa kwa mgeni ili isimrudie. Hiyo haimpi ruhusa, na shule imshughulikie kama wengine. Lakini usimruhusu binti yako atoke hapo akisema Wamarekani weusi ni wabaya, wala usiyaseme wewe, kama wazazi wetu wengi wanavyoyasema kwenye mikusanyiko. Sheria ile ya 1964 utakayoitumia kumlinda ililetwa na wao, kwa maandamano, kwa kufungwa jela na kwa kufa. Mwaka uliofuata ikafutwa ile sheria ya uhamiaji iliyokuwa ikiwapendelea watu wa Ulaya. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Hili lina uzito hata kitaalamu. Mwanasaikolojia Diane Hughes na wenzake walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2006 kuhusu namna wazazi wanavyozungumza na watoto juu ya rangi na asili, kumfundisha mtoto fahari ya kwao kulienda pamoja na kujithamini. Kumwandaa akabiliane na ubaguzi kulileta matokeo mchanganyiko, ikitegemea umri na namna ya kusema. Kumfundisha asimwamini mtu yeyote wa kundi jingine kulielekea kuambatana na hali mbaya. Kwa hiyo mwambie ukweli kwamba wapo watakaomdharau kwa rangi yake. Usimwambie wote wako hivyo. Kwa miaka 9, sentensi mbili tatu zinatosha, mengine atayauliza mwenyewe.

Chakula ni jambo dogo, nisikuchoshe. Akitaka mkate shuleni, mpe mkate. Tumbo lake la saa sita halina deni kwa Kongo. Sombe na ndagala viwepo usiku, vipikwe kama kawaida, bila kuombewa radhi.

Kiswahili ndicho ningekishikilia. Usimlazimishe kukisema mbele ya wenzake. Mbele ya basi la shule mwache ajibu Kiingereza, usimgombeze, hapo anajilinda. Ndani ya nyumba kibaki. Ukihamia Kiingereza usichokimudu utakuwa mama wa maneno machache, na mtoto mwenye mzigo kama huu anahitaji mama mwenye maneno mengi. Unajua kufariji, kutania na kukemea kwa Kiswahili, kwa Kiingereza utabaki na "kula" na "lala". John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada, na wenzake waliwafuatilia vijana wahamiaji zaidi ya 5,000 katika nchi 13, na mwaka 2006 wakachapisha waliyoyaona. Walioshika vyao na vya nchi mpya kwa pamoja ndio waliokuwa na hali bora, moyoni na shuleni. Walioacha vyao ili wafanane na wenyeji hawakuwafikia. Na ubaguzi ulionekana kumrudisha mtu nyuma, ndiyo maana nimekaa sana kwenye habari ya shule.

Mpigieni bibi simu ya video, lakini simu isiwe mtihani wa Kiswahili. Bibi amsimulie alivyokuwa akivua na kuuza samaki wa ziwa, au mama yake alivyokuwa mtundu. Mtoto anayejua watu wake kwa visa vyao ana cha kulinganisha na picha ya watu wanaolala mitini.

Zipo dalili zinazohitaji zaidi ya mzazi. Tumbo kuuma kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi, kukojoa kitandani wakati alishaacha, ndoto mbaya, kuacha alichokuwa akikipenda, kuendelea kujisugua baada ya mazungumzo yenu. Ukiziona mpeleke kwa daktari wake wa watoto na useme sababu. Usiseme tumbo tu. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2019 kwamba ubaguzi wa rangi unadhuru afya ya mtoto, kwa hiyo daktari hana sababu ya kukushangaa. Akisema anatamani asingekuwepo, au anataka kufa, usingoje miadi. Piga 988, namba ya msaada kwa anayefikiria kujiua, saa yoyote, uombe mkalimani wa Kiswahili. Kwetu maneno hayo tunayakemea kama mkosi. Hapa yachukue kama homa kali.

Kuhusu kuhama: bado. Ukihama leo, shule haijafanya kazi yake na binti yako atajifunza kwamba anayetukanwa ndiye anayeondoka. Ipe shule nafasi, kwa maandishi na kwa tarehe. Lakini kama ameguswa mwilini, au ofisi ya eneo imepata barua yako na mambo ni yale yale, hamisha na usijione umeshindwa. Mwambie mtoto sababu kwa uwazi, kwamba tunahama kwa kuwa shule ile haikutulinda, asije akadhani ni kwa ajili ya kosa lake. Nenda shule mpya kabla ya siku ya kwanza, na mkalimani. Uliza kama wapo watoto wengine wa Kiswahili, na Louisville hukosi. Mfundishe mwalimu kulitamka jina la mtoto mbele yako mpaka alipate sawasawa. Daftari lako usilitupe, kwa sababu malalamiko ya shule ya kwanza hayafi ukihama, na zile siku 180 zinahesabiwa tangu siku ya tukio.